Noti za Miji Midogo: Karatasi Zilizolipa Mishahara Sarafu Zilipokosekana



Wengi wetu tumewahi kulipwa mshahara kwa makundi. Keshia anafungua dirisha, anaita watu watatu pamoja, anawapa noti moja kubwa na kusema, "Mtagawana wenyewe huko nje." Katika kiwanda kimoja nilichofanyia kazi ujana wangu, jambo hili lilitukuta karibu kila mwisho wa mwezi. Tulikuwa watatu wa mashine moja. Ili tuivunje noti yetu ilitubidi twende duka la karibu na geti, na mwenye duka hakuvunja noti ya mtu mpaka anunue kitu. Basi tulinunua sukari ambayo hatukuipanga, na chenji tukapewa nusu kwa senti na nusu kwa pipi na viberiti. Siku moja nilirudi kwake na viberiti vinne vilevile alivyonipa, nikataka robo ya sukari. Alinicheka, akakataa.

Mwenye duka alikuwa amenilipa kwa pesa yake mwenyewe, na pesa yake ilikuwa nzuri inapotoka kwake tu. Ikirudi kwake si pesa tena. Nimeikumbuka habari hiyo kwa sababu ipo nchi ambako chenji ilikosekana kwa miaka mingi, hata miji midogo, viwanda na migodi ikajichapia noti zake. Nchi hiyo ni Ujerumani, na miaka yenyewe ni kuanzia 1914 hadi 1923. Wenyewe waliziita Notgeld, maana yake pesa za dharura. Mfanyakazi wa huko alilipwa mshahara kwa karatasi hizo, na ni vizuri tujue zilimsaidia wapi na zilimla wapi.

SARAFU HUKIMBILIA WAPI?

Sarafu za zamani hazikuwa kama za leo. Sarafu ya dhahabu au ya fedha ilikuwa na thamani ndani ya madini yake, hata mfalme aliyechorwa juu yake akifa. Kwa hiyo watu wakinusa vita, kitu cha kwanza wanachofanya ni kuzificha sarafu na kulipa kwa noti. Mwishoni mwa Julai 1914 Wajerumani walifanya hivyo hivyo. Tarehe 31 Julai Benki Kuu yao, Reichsbank, iliacha kuwapa watu dhahabu badala ya noti. Katika siku chache fedha nayo ikatoweka sokoni. Noti zilikuwapo, lakini zilikuwa kubwa. Mama mwenye noti ya marki 20 hakuweza kununua mkate, kwa kuwa mwoka mikate hakuwa na cha kumrudishia. Wenye viwanda waliolipa kwa wiki nao hawakuwa na vipande vya kuwagawia watu wao.

Serikali kuu ilikuwa inashughulika na jeshi. Ndipo wakuu wa miji na wilaya, hasa upande wa mashariki karibu na mpaka wa Urusi na upande wa magharibi karibu na Ufaransa, walipoamua kujisaidia. Zile za Agosti 1914 zilikuwa vikaratasi duni kabisa. Nyingine zilipigwa taipu, zikagongwa muhuri wa mji, na meya au mtunza hazina akatia sahihi kwa mkono. Zilikuwa za marki moja, mbili, tatu, au nusu marki. Sarafu zilipoanza kurudi sokoni, nyingi ya noti hizo zilirudishwa na kuchomwa.

Lakini vita havikwisha kama watu walivyoahidiwa. Kufika mwaka 1916 viwanda vya silaha vilihitaji shaba na nikeli, na serikali ikaanza kuziondoa sarafu ndogo za madini hayo ili ziyeyushwe. Mahali pake zikaja sarafu za chuma, zinki na alumini, lakini hazikutosha. Safari hii miji haikungoja. Noti za pfenigi 5, 10, 25 na 50 zilitoka kila upande. (Pfenigi 100 ndizo marki moja, kama senti na shilingi.) Hata miji ambayo msafiri hupita bila kujua kwamba ameipita ilikuwa na noti zake.

NI NANI ANAYEMKOPA NANI?

Tusimame kidogo hapa tuone noti ya namna hii ilivyofanya kazi, maana wengi hudhani mji uliamka tu na kuchapa utajiri. Halmashauri yenye akili iliweka kwanza akiba benki, sawa na jumla ya noti inazotaka kutoa. Ikachapa noti, ikazitia namba, muhuri na sahihi. Ikawalipa nazo wafanyakazi wake wa barabara na wa maji, na kuwauzia wenye maduka na viwanda waliohitaji chenji. Juu ya noti paliandikwa kwamba mwenye kuileta kwenye hazina ya mji atalipwa, na pia mwisho wake: tarehe fulani, au mwezi mmoja baada ya tangazo katika gazeti.

Maana yake, karatasi ile ilikuwa hati ya deni. Mfanyakazi aliyepokea noti ya pfenigi 50 ya mji wake alikuwa ameukopesha mji wake pfenigi 50, bila riba, mpaka siku atakapoirudisha. Kama mji ni mwaminifu na bei hazipandi, hakuna aliyeumia. Soko liliendelea, mkate ulinunuliwa, na watoto hawakulala njaa kwa ajili ya kukosa vipande vya shaba. Mimi siwezi kuwalaumu mameya wale. Kwanza mwenye noti alimjua aliyetia sahihi. Alikutana naye barabarani, na aliweza kwenda hazina kwa miguu kuidai haki yake.

Hasara ilijificha katika mambo mawili. La kwanza ni mpaka. Noti ya mji huu haikupokelewa kwa hakika katika mji wa pili, kwa hiyo mtu aliyefanya kazi huku na kuishi kule alikuwa na mshahara unaoishia njiani. La pili ni ile tarehe. Noti iliyopotea, iliyoungua, au iliyosahaulika katika koti mpaka siku yake ikapita, ilikuwa faida ya mji. Baada ya vita miji iligundua faida hiyo ni tamu. Watu walipenda kukusanya noti hizi kama wengine wanavyokusanya stempu, na mkusanyaji haji kudai alipwe. Basi kati ya 1920 na 1922 miji ilichapa noti za rangi, zenye hadithi na michoro ya kwao, kwa ajili ya kuwauzia wakusanyaji. Hameln walichora yule mpiga filimbi wa hadithi aliyewaondoa panya. Bielefeld, mji wa viwanda vya nguo, walichapa juu ya hariri na kitani. Pößneck walitoa pesa za ngozi, kwa hiyo fundi viatu wa huko angeweza, akitaka, kushona mshahara wake chini ya kiatu. Jimbo la Saxony lilitoa sarafu za udongo wa kuchoma zilizotengenezwa Meissen, mahali penye sifa ya vyombo vya kaure. Zilikuwa pesa za mapambo, na mfanyakazi hakuziona sana.

DHARURA HIYO HIYO HUKU KWETU

Wakati huo Tanganyika, Rwanda na Burundi zilikuwa koloni moja la Wajerumani, na vita vilipoanza meli za Waingereza ziliifunga bahari. Pesa mpya hazikuweza kuletwa kutoka Ulaya. Watu walipenda rupia ya fedha, na rupia za fedha zikafichwa vilevile kama marki zilivyofichwa kule. Mwaka 1915 serikali ya kikoloni ikaanza kuchapa noti za muda hapa hapa, Dar es Salaam na baadaye Tabora, za rupia 1, 5, 10, 20, 50 hadi 200. Zilichapwa juu ya karatasi yoyote iliyopatikana, hata ya kufungia vitu, na makarani walizitia sahihi kwa mkono. Mwaka 1916, katika karakana ya reli ya Tabora, zilipigwa sarafu za heler 5 na 20 kwa shaba, nyingine za maganda ya risasi na mizinga. Palepale Tabora zilipigwa sarafu za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo, kwa dhahabu ya Sekenke, jumla yake 16,198. Majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yaliiteka Tabora Septemba 1916. Mwaka 1917 Wajerumani waliobaki porini upande wa kusini walikuwa wakipiga noti kwa mihuri ya mpira.

Hapa ahadi haikuwa ya meya unayekutana naye sokoni. Aliyeahidi kulipa alikuwa benki ya wakoloni, na wakoloni hao walishindwa vita wakaondoka. Waingereza walileta pesa zao: rupia ya India, kisha florini mwaka 1920, kisha shilingi mwaka 1921. Mpagazi aliyekuwa amefunga noti za porini katika upindo wa kanga alibaki na karatasi. Kwa Waingereza nao sarafu zilipungua katika Vita vya Pili, na mwaka 1943 Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki ilitoa shilingi moja ya karatasi, lakini hiyo ilikuwa pesa halali ya nchi zote tatu, Kenya, Uganda na Tanganyika.

NOTI YA MWAJIRI

Turudi Ujerumani. Nimesema kwamba viwanda na migodi navyo vilitoa noti. Hapo ndipo mfanyakazi anapotakiwa kufungua macho, maana mji na kiwanda si kitu kimoja. Mji una wakazi wanaopiga kura na maduka ya kila namna. Noti ya kiwanda inatolewa na yule yule anayedaiwa mshahara. Anakulipa deni lake kwa deni lingine.

Mfano ulio wazi ulikuwa katika kambi za mateka wa vita. Kambi hizo nchini Ujerumani zilikuwa na noti zao, na mateka aliyefanya kazi alilipwa hizo. Sababu moja haikufichwa: mateka akitoroka, karatasi ile haimnunulii hata tiketi ya treni. Pesa isiyovuka geti inamfunga mwenye nayo ndani ya geti. Migodi ya makaa ya mawe ya Marekani haikuwa na waya wa miiba, lakini wachimbaji wengi walilipwa kwa vipande vya kampuni vilivyopokelewa katika duka la kampuni, kwa bei iliyowekwa na kampuni. Huko Uingereza wafanyakazi walipiga kelele juu ya mambo ya namna hii kwa miaka mingi, na sheria ya mwaka 1831 ikawalazimisha waajiri wa kazi nyingi kulipa kwa sarafu halali.

Kwa wenzetu wa mashambani jambo hili si geni. Wazee wa mkonge wanaikumbuka kadi ya siku thelathini. Ulichorwa alama kwa kila siku uliyomaliza kazi yako, na mpaka alama zitimie hukuuona mshahara. Kadi ile haikuitwa pesa, lakini mwenye duka la karibu aliitazama kabla ya kukukopesha unga.

Mwaka 1949 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba namba 95 wa kulinda mishahara. Kifungu cha 3 kinasema mshahara wa fedha ulipwe kwa pesa halali ya nchi tu, na kinakataza kulipa kwa hati za ahadi, vocha au kuponi. Hundi ya benki au ya posta inaweza kuruhusiwa kwa masharti. Kifungu cha 7 kinasema pale penye duka la mwajiri mfanyakazi asilazimishwe kununua humo. Kiongozi wa tawi afadhali avijue vifungu hivyo kwa namba zake, maana mwajiri akianza kutoa kuponi hasemi "nawalipa kuponi." Husema "nawasaidia kwa muda."

MWAKA 1923

Sasa tufike kwenye msiba wenyewe. Januari 1923 majeshi ya Ufaransa na Ubelgiji yaliingia bonde la Ruhr, penye makaa na chuma cha Ujerumani, kudai malipo ya vita. Wafanyakazi wa huko waliweka zana chini, na serikali ikaahidi kuwalipa. Haikuwa na mapato ya kutosha, ikachapa noti. Kabla ya hapo marki ilikuwa inaporomoka tayari. Sasa ilitumbukia. Kabla ya vita dola moja ya Marekani ilikuwa marki 4 na pfenigi 20. Wastani wa Julai 1923 ulikuwa zaidi ya marki 350,000. Agosti ukawa milioni 4.6, Septemba karibu milioni 99, Oktoba bilioni 25. Mwezi Novemba dola moja ilifika marki trilioni 4.2, na trilioni moja ni milioni mara milioni.

Viwanda zaidi ya 30 vya karatasi na matbaa zaidi ya 130 vilifanya kazi kwa ajili ya Reichsbank, na bado noti hazikutosha kulipa mishahara. Kwa hiyo miji, wilaya, shirika la reli, viwanda na migodi, wote wakarudi kwenye dharura. Waliotoa noti mwaka huo walizidi 5,000. Noti zilichapwa upande mmoja ili kuokoa muda. Za zamani ziligongwa muhuri juu: kilichokuwa elfu moja kikawa bilioni moja. Mishahara ililipwa kila siku, mahali pengine mara mbili kwa siku, na wake wa wafanyakazi walingoja getini ili wakimbie sokoni kabla bei hazijabadilika tena.

Ukumbuke tulivyosema: noti ni mkopo kutoka kwa mfanyakazi kwenda kwa aliyetia sahihi. Mwaka 1916 mkopo ule ulirudi kamili. Mwaka 1923 kiwanda kililipa Jumatatu kwa noti zake, kikazipokea baada ya wiki mbili, wakati ambapo kiasi kilichoandikwa juu yake hakinunui hata sindano. Mali iliyotengenezwa kwa jasho la wiki ile iliuzwa nje kwa dola. Aliyedaiwa alipata faida kwa kuchelewa, na mwenye noti ndiye aliyelipa.

Wapiga chapa waliielewa nguvu iliyokuwa mikononi mwao. Tarehe 10 Agosti 1923 waligoma Berlin, pamoja na wale wa matbaa ya serikali iliyochapa noti. Kwa muda mashine za pesa zikanyamaza. Mgomo ulienea katika viwanda vingine, na tarehe 12 Agosti serikali ya Kansela Wilhelm Cuno ikajiuzulu. Kwa miezi vyama vya wafanyakazi vilikuwa vinadai mshahara unaofuata thamani, yaani unaopanda pamoja na bei, na kuanzia majira hayo ya joto mishahara mingi ikaanza kufungwa kwenye hesabu ya bei za kila wiki. Ilisaidia kidogo. Hesabu ilitazama bei za juzi, na mkate ulinunuliwa kesho.

Mwisho wa mwaka zilitoka noti za dharura za aina nyingine, zilizoandikwa thamani yake kwa dhahabu au kwa sehemu ya dola. Oldenburg ilikuwa imetangulia tangu 1922 kwa kutoa hati zilizohesabiwa kwa kilo za shayiri nyeusi. Watu walizipokea haraka, maana shayiri ni shayiri. Tarehe 15 Novemba 1923 ikaja pesa mpya, Rentenmark, na moja ilibadilishwa kwa marki trilioni moja za zamani.

Akiba ya vyama vya wafanyakazi ilikuwa ni marki za zamani. Ada za miaka, mifuko ya wagonjwa, fedha za mgomo, vyote vikawa si kitu. Waajiri walilijua hilo. Siku ya saa nane wafanyakazi wa Ujerumani waliipata Novemba 1918. Tarehe 21 Desemba 1923, wiki tano baada ya pesa kutulia, amri ya serikali iliruhusu kuirefusha hadi saa kumi, na vyama havikuwa na mfuko wa kugomea. Shirikisho lao kubwa lilikuwa na wanachama zaidi ya milioni 7 mwaka 1922. Mwaka 1924 walibaki karibu milioni 4.

Noti za miji ziliitwa zirudishwe kwa matangazo ya magazeti, kila moja kwa tarehe yake. Aliyekuwa amehamia mji mwingine kutafuta kazi hakuliona tangazo. Ndiyo sababu zimebaki nyingi mpaka leo, na wauzaji wa vitu vya kale huko Ulaya huziuza kwa bei ndogo. Za hariri na ngozi ndizo zenye bei. Zile za viwandani za mamilioni, zilizokuwa mshahara wa mtu, kwa kawaida huuzwa kwa bei ya chini zaidi.